Habari za Haluli

Twataka kueleza habari za haluli, yaani dawa zinazoendesha tumbo. Katika nchi ya Shinyanga na Geita wangali wapo wazee wanaokumbuka kikombe cha chumvi ya haluli, chungu kama nyongo, waliyonyweshwa utotoni huku wameshikwa mikono. Mtu alipokuwa na homa alipewa haluli. Kichwa kilipomwuma, haluli. Mtoto alipokataa chakula, haluli vile vile. Waliofanya hivyo walidhani kuwa maradhi ni uchafu, na uchafu ukitoka mtu hupona.

Fikira hiyo haikuwa ya Wasukuma peke yao. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliishika kwa karne nyingi. Mwaka 1793, homa ya manjano ilipoingia mji wa Philadelphia, Daktari Benjamin Rush aliwapa wagonjwa wake kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, akawaharisha mno. Basi tusiwacheke wazee wetu, bali tutazame dawa yenyewe inafanya nini.

Chumvi ya haluli huvuta maji. Mtu anyunyizaye chumvi juu ya samaki wa ziwani ili amkaushe huona maji yakimtoka. Ndivyo chumvi hii ifanyavyo ndani ya utumbo. Maji ya mwilini huingia matumboni, choo hulainika, na baada ya saa chache hutoka kwa nguvu. Mafuta ya mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, hufanya kazi kwa njia nyingine: huuchokoza utumbo hata ukajikaza na kusukuma. (Punje za mti huo zina sumu kali. Mafuta yaliyotengenezwa vizuri hayana sumu hiyo, lakini mtoto atafunaye punje aweza kufa.) Sanamaki huamsha utumbo mpana, nayo haina haraka, mtu aliyeinywa jioni hupata choo asubuhi. Ule mti ujulikanao Usukuma na Unyamwezi kwa jina la mlundalunda, ambao waganga huutumia kwa maradhi ya tumbo, ni wa ukoo ulio karibu na sanamaki.

Dawa zote hizi hutoa kile kilichomo matumboni tu. Haziingii katika damu kwenda kuyafukuza maradhi.

Lakini palikuwa na ugonjwa mmoja ambao haluli ilikuwa na kazi ya kweli ndani yake, nao ni safura. Wachimbaji wa ardhi wamejuana nao siku nyingi. Mwaka 1880 uliwashika wafanya kazi waliokuwa wakitoboa njia ya treni chini ya mlima St. Gotthard katika Uswisi. Wakawa weupe, wakaishiwa nguvu, kwa kuwa minyoo midogo iliwanyonya damu. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na choo, huanguliwa katika udongo wenye joto na unyevu, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Hapana haja ya kueleza zaidi kwa watu wa nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa katika miaka ya 1930, ukafungwa 1966. Tangu hapo maduara ya wachimbaji wadogo yameenea kila upande, na mara nyingi watu ni wengi na vyoo ni vichache.

Zamani dawa za safura zilikuwa kali. Kutoka 1921 ilitumika sana kaboni tetrakloridi, ambayo iliwaua minyoo, lakini iliweza kuliharibu ini la mgonjwa pia. Kwa hiyo baada yake mtu alinyweshwa haluli upesi, ili minyoo na sumu vitoke pamoja. Nayo ilikuwa chumvi, si mafuta ya mbarika, maana mafuta yaliisaidia sumu ile kuingia mwilini. Dawa hiyo imekwisha kuachwa. Siku hizi hutolewa kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, nacho hakihitaji haluli hata kidogo. Anayekimeza kisha akajiharisha ili minyoo itoke yote, ajitesa bure. Kama damu imepungua, hospitali humpa vidonge vya madini ya chuma.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuyaseme haya yote. Kuna maumivu ya tumbo ambayo haluli huyageuza kuwa kifo. Kidole tumbo kikivimba, mara nyingi maumivu huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia; haluli ikiusukuma utumbo wakati huo, kidole kile chaweza kupasuka na usaha ukamwagika tumboni. Vivyo hivyo ngiri iliyonasa, ambayo wanyanyuao mizigo mizito yafaa waiogope, na utumbo uliojipinda. Mtu mwenye maumivu makali, anayetapika, tumbo limemvimba, hapati choo wala upepo hautoki, asipewe haluli, wala chakula. Apelekwe hospitali. Kutoka Rwamagasa au Nyarugusu ni safari, na saa sita zilizopotea katika kungoja haluli ifanye kazi ndizo ambazo mpasuaji angezihitaji.

Wala mtu asidhani kuwa haluli itaondoa zebaki mwilini. Achomaye dhahabu huvuta moshi wa zebaki kwa pumzi. Moshi huingia mapafuni, kisha katika damu, hata ubongo na mafigo. Kuharisha hakuufikii. Tena mtu aliyetokwa jasho duarani kutwa nzima hana maji ya kupoteza. Aliyekwisha kuharishwa sana na anywe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko.

Je, mwenye kufunga choo afanye nini? Kwanza atazame sahani yake. Ugali wa mahindi yaliyokobolewa, asubuhi na jioni, pamoja na maji machache, huukausha utumbo. Ugali wa mtama, mlenda, maharage, papai na maji ya ukwaju ni dawa nzuri, na twaona zapendeza kinywani kuliko chumvi. Visipotosha, sanamaki kidogo kwa siku chache haina ubaya kwa mtu mzima. Hospitalini haluli ina kazi nyingine: kwa wanaopewa mofini, kwa wenye bawasiri, kwa wanaotaka kuchunguzwa utumbo.

Mwenye mimba asinywe mbarika wala mizizi ya kuharakisha uchungu. Dawa za namna hiyo zaweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, na kama mtoto amekaa vibaya, mfuko huo hupasuka. Lakini ile chumvi ya haluli imepata kazi mpya katika wodi ya wazazi: imetengenezwa safi kwa sindano, nayo hudungwa kwa wanawake wanaotishwa na kifafa cha mimba. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa 2002, uliofanywa katika nchi nyingi, ulionyesha kwamba hatari ya kifafa hicho ilipungua kwa zaidi ya nusu.