Msitu Uko Hapa Kaka, na Wewe Unasevia Diani

Oya mbogi ya Amalemba, Lurambi, Kefinco, na nyinyi wa Masinde Muliro mnaolipa kodi kali kwa bedsitter isiyo na dirisha, kujeni hapa. Kila Disemba form ni ile ile: Diani, Diani, Diani. Mse anasota mwaka mzima ndio akaegemee jiwe la baharini apigwe picha. Ganji inaishia kwa nauli na hoteli kabla hata hajalowesha vidole. Na hapa nyuma ya keja tuko na msitu wa mvua wa Kakamega, kipande cha mwisho huku mashariki cha ile misitu ya Congo na Guinea. Walami wanapanda ndege kuja kuuona. Wewe unaupita kwa mathree ya Webuye ukiscroll.

Rada ni hii. Kaskazini ni Buyangu, upande wa KWS, hifadhi ya taifa tangu 1985. Unashuka Kambi ya Mwanza, unaingia na nduthi ama mguu, unapata banda na mahali pa kupiga hema. Kusini ni Isecheno, ya KFS, unapitia Khayega na Shinyalu. Isecheno wako na kilima cha Lirhanda na shimo la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, popo tele ndani. Iko poa. Lakini mimi ni Buyangu damu. Na geti la KWS halitaki noti zako, ni eCitizen, so maliza hiyo stori ukiwa bado tao na bando.

Sasa luku. Ndula nyeupe acha kwa keja. Kaka mvua inaanguka mchana kweupe bila kuuliza mtu, na matope ya huku ni mekundu, hayatoki. Kuna mse huja na ndula za thao kadhaa, jioni anaziosha mtoni akilia. Gumboots, buda. Gumboots za soko, suruali imechomekwa ndani, ndio siafu wasikupande hadi kiunoni na ndio nyoka asipate ngozi. Msituni hiyo ndiyo drip.

Halafu kuna Mr Speaker. Kila mbogi iko naye. Amebeba kaspika kake ka bluetooth, anataka kuamsha msitu na gengetone. Mr Speaker hajawahi kuona mnyama maishani mwake. Anaona mkia ukipotea kwa majani, anasema huku hakuna kitu. Mnyang'anye chaji.

Juu raha yote iko saa kumi na mbili asubuhi, na ni ya maskio kwanza. Mbega ndio huanza. Hao colobus weusi na weupe hunguruma kutoka juu ya miti, sauti nzito kama pikipiki imekataa kuwaka, kundi moja likianza lingine linajibu ng'ambo ya bonde. Ukiwa kilele cha Buyangu saa hizo, ukungu bado umelalia miti, unasikia msitu mzima ukijibizana. Kisha wanaruka. Mbega hana kidole gumba, anashika tawi kwa vidole vinne, manyoya meupe yanafunguka mgongoni akiwa hewani. Hapo Diani ilinitoka kichwani kabisa.

Ndege nao ni zaidi ya aina 300. Hondohondo akipita juu yako mabawa yanavuma hadi unainama. Lakini mkubwa wa mtaa ni turako wa bluu. Ni mrefu kama mkono wako mzima, ana shungi jeusi, mdomo wa njano wenye ncha nyekundu. Kuruka si fani yake sana, anakimbia juu ya tawi kama kuku, anadunda tawi la pili, anadunda la tatu, ndio ajirushe. Usiku guide anamulika tochi juu, macho mawili yanarudisha mwanga: potto, mdogo, mpole, anatembea polepole hadi unataka kumsukuma.

Wazee bana! Mbuyu atauliza, unalipa aje kuona nyani na wako kwa mahindi yake bure? Mbuyu, mbega hana haja na mahindi yako, yeye ni wa majani, hao wezi wako ni aina nyingine. Kuka naye anasema mtu mwenye nyumba halali kwa hema. Kuka hajawahi kutoka hema asubuhi akapata msitu wote unapiga kelele juu yake, so hapo hana kura. Na kama bado unataka jiwe la picha, Ilesi iko hapo barabara ya Kisumu: Ikhongo Murwi, Crying Stone, jiwe limebeba jiwe, maji yanashuka usoni. Ni safari ya nduthi tu.

Kitu moja sitaki kusikia ni mtu akibargain na guide. Unalipa doh mob ya ndula, halafu unamkatia jamaa soo mbili? Huyo msee amekulia hizo vijiji za kando ya msitu. Anajua turako analala mti gani na anajua nani anaingia usiku kukata kuni na kuchoma makaa. Akikula kupitia mbega, mbega watakuwa hapo ukileta watoi wako. Mlipe yote, ongeza ya chai, na umwambie Mr Speaker naye achange.