Mama, mfarishi wako umelala kabatini tangu lini?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za mjini mna mfuko uliosukumwa nyuma kabisa ya kabati, ukafunikwa na mashuka ya wageni. Ndani yake mna vipande vya vitenge, pembe ya leso iliyochakaa, gauni la mtoto ambaye sasa anamzidi mamake kimo, uzi, makasi, na mfarishi ulioshonwa robo ukaachwa. Mwenyewe akiulizwa hujibu kwa mkato: nitaumaliza nikipata nafasi.

Nafasi hiyo haiji. Baada ya mwaka mmoja au miwili mfuko ule hugeuka deni. Kila mama anapofungua kabati kutafuta shuka, unamkodolea macho, naye anafunga mlango upesi.

Mfarishi, kwa msomaji asiyelizoea neno hili, ni tandiko la kitanda lenye tabaka tatu. Juu ni vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kimoja kimoja, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni kitambaa kizima. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono midogo midogo inayopita toka juu hadi chini. Ni kazi ya miezi, wala haimfai mtu mwenye pupa.

Huenda ukauliza kushona kunahusu nini ukurasa wa afya. Jibu ni kwamba watafiti wameichunguza kazi hii kwa muda sasa. Mnamo 2012, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, walichapisha matokeo ya mahojiano na washonaji 29 wa kundi moja la mifarishi. Washonaji hao walieleza kwamba rangi za vitambaa ziliwachangamsha, kwamba hesabu ya kupanga vipande iliwalazimu kufikiri na kuyaacha kando mengine yote, na kwamba sifa walizopewa na wenzao ziliwafanya wajithamini zaidi. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine uliowahoji watu 3,545 wanaofuma sweta na vitambaa kwa sindano ulionyesha kuwa waliofuma mara nyingi zaidi kwa juma ndio waliosema wana utulivu na furaha zaidi.

Tusizidishe chumvi hapa. Watu 29 ni wachache, na wote walikuwa tayari wapenzi wa kushona. Isitoshe, inawezekana kwamba mtu mtulivu ndiye apataye muda wa kufuma mara nyingi, wala si kufuma kulikomtuliza. Kushona si dawa ya kununuliwa dukani. Hata hivyo, maelezo ya watu hao yanafanana mno kiasi cha kutopuuzwa.

Binafsi naona iko sababu nyingine ambayo mama yeyote wa mjini ataielewa bila utafiti. Kazi ya nyumbani hufutwa kila siku. Sufuria uliyoisugua leo usiku itakuwa na ukoko kesho. Sare za shule zilizofuliwa Jumamosi zitarudi na tope Jumatatu. Sakafu ndiyo hata usiitaje. Mtu anaweza kufanya kazi hizo kwa miaka 20 asiwe na kitu cha kuonyesha mkononi. Mshono haufanyi hivyo. Ulioushona Jumanne utaukuta Alhamisi mahali pale pale, ukikungoja. Kwa mtu ambaye siku yake yote huliwa na mambo yasiyobakia, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Na siku yake kweli huliwa. Uchunguzi wa matumizi ya wakati uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu nchini, KNBS, mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wanawake wa Kenya hutumia takribani saa 4 na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Wanaume hutumia chini ya saa moja. Kwa hiyo anayesema hana nafasi hasemi uongo wala si mvivu.

Ari hufuata mkono

Wengi hungoja ari iwajie ndipo washike sindano. Naona wameliweka gari mbele ya punda. Mtu aliyetoka kazini, akapigania kiti kwenye matatu, akapika, akasimamia kazi ya shule ya watoto, hawezi kuwa na ari ya kitu chochote isipokuwa mto wa kulalia. Ari huja baada ya mishono kumi, si kabla. Kwa hivyo la kushughulikia si moyo, bali ile njia ya kuifikia mishono kumi ya kwanza.

Hebu tuutazame mfarishi wenyewe. Kitanda cha watu wawili kilichozoeleka hapa kwetu ni cha futi 5 kwa 6. Ukikata kazi yako katika miraba ya futi moja, unahitaji miraba 30 kuufunika uso wa kitanda. Ukitaka tandiko lining'inie pembeni, utaongeza safu nyingine baadaye. Mraba mmoja rahisi kuliko yote huundwa kwa vipande tisa, vitatu kwa vitatu, kila kimoja kikikatwa inchi 4 na nusu kila upande ili ubaki na robo inchi ya kushonea. Ukijumlisha mishono yote ya mraba huo ni kama inchi 48 tu. Kwa mkono, mwenye mazoezi kidogo huimaliza kwa saa moja au zaidi kidogo.

Saa moja kwa juma ni robo saa kwa siku nne. Mraba mmoja kila juma, na katika miezi saba una miraba yote 30. Anayeutazama mfarishi mzima huona mlima. Anayetazama mraba wa juma hili huona kitu kinachoenea kwenye sahani.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuchanganya kazi mbili zisizofanana. Kukata vitambaa kunataka meza, pasi, rula, mwanga wa kutosha na mtoto asiyevuta kitambaa upande wa pili. Kushona kunataka paja na sindano basi. Mama akijaribu kufanya yote mawili saa tatu usiku, atamaliza dakika zake 15 akitafuta makasi. Afadhali kukata kufanywe mara moja kwa mwezi, Jumamosi alasiri, vipande vya miraba minne vikafungwa kila tisa peke yake kwa kamba. Siku nyingine zote ni kuchukua na kushona.

Vipande vyenyewe havihitaji pesa nyingi. Fundi wa cherehani wa mtaani ana masalio ya vitenge ambayo aghalabu huishia jalalani, na ukizungumza naye vizuri hutakosa mfuko. Mashati ya mitumba yenye kola zilizokwisha bado yana mgongo mzima wa pamba safi. Angalizo moja tu: fua kila kitambaa kabla ya kukikata. Kitenge kipya kikiruka katika maji ukiwa umekwisha kukishona na kitambaa cheupe, utalia.

Mkebe wa biskuti usiwekwe kabatini. Uweke pale unapokaa jioni, kando ya kiti chako, ila juu kiasi mtoto asiufikie. Tena usimalize mstari. Acha kazi katikati, sindano ikiwa imetungwa uzi na kuchomwa kwenye kitambaa chake, mkebe ukafunikwa sawasawa. Kesho hutahitaji kuanza. Utaendelea tu, na kuendelea ni rahisi kuliko kuanza.

Chagua pia kitu cha kila siku cha kukukumbusha. Kama huwa unakunywa chai watoto wakishalala, basi kikombe kikitua mezani, mkebe ufunguliwe. Watafiti wa London walioongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea ya aina hii katika kula, kunywa au mazoezi ya mwili. Matokeo yao ya 2010 yalionyesha kuwa ilichukua kama siku 66 jambo kuwa mazoea, ingawa wengine walihitaji siku 18 na wengine walikadiriwa kuhitaji hata 254. La kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mtoto akiugua homa, au wageni wakilala, funga mkebe bila majuto na ufungue tena wakiondoka.

Adui mkubwa wa robo saa hiyo si watoto wala mume. Ni simu. Mama anayesema hana dakika 15 huenda ametoka kutazama video za nusu saa bila kujua. Simu na ikae chumba kingine wakati wa kushona. Atakayetaka jambo la dharura atapiga, utaisikia.

Baba nanii naye

Wako waume wanaouona mfarishi kama mchezo wa kupoteza wakati. Mume huyo huyo hutazama kandanda dakika 90, pamoja na za nyongeza, na hakuna amwulizaye faida yake. Lisiwe jambo la kuzozania, lakini lisemwe waziwazi na mapema, si wakati uji umekwisha kumwagika. "Baba nanii, kuanzia saa tatu mpaka saa tatu na robo nashona. Mtoto akilia, tafadhali mtazame wewe." Ombi lenye saa maalumu hukubalika kwa urahisi kuliko lalamiko la jumla kwamba husaidiwi.

Watoto nao wasifukuzwe. Mtoto wa miaka minne hupenda kupanga vipande kwa rangi zake, na wa miaka minane aweza kufundishwa mshono wa moja kwa moja, wavulana kwa wasichana. Mishono yake itakuwa mirefu na iliyopinda. Iache ilivyo. Miaka ijayo huo ndio mraba utakaouonyesha wageni.

Akina mama walio na chama wana bahati zaidi. Katika mkutano wa mwezi, pesa zikishahesabiwa, kila mmoja anaweza kutoa mraba wake ukaonekana. Washonaji wa Glasgow walitaja kundi lao kama sehemu kubwa ya faida waliyoipata, na mtu anayejua wenzake watauliza mraba uko wapi hupata nguvu asizozijua. Tabaka tatu zikifika wakati wa kushikanishwa, ambapo mkono mmoja huchoka, wanne wakizunguka meza huimaliza kazi ya majuma katika alasiri mbili tatu.

Macho na vidole

Kushona kwa mwanga hafifu huchosha macho na kuleta maumivu ya kichwa. Taa iwe upande wa bega la kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho mbali kama futi 20 kwa sekunde 20. Aliyekaribia miaka 40 akianza kuinyoosha sindano mbali ili aione tundu, asifikiri amepatwa na maradhi. Ni umri, na miwani ya kusomea humaliza shida hiyo, lakini kwanza apimwe macho.

Shingo huuma kwa sababu kazi iko chini mno. Weka mto pajani uiinue. Vaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidole, maana kidole kinachosukuma sindano bila kinga huota sugu na kuchubuka. Ganzi ikikujia katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, pumzisha mkono, na isipokwisha mwone daktari kabla neva haijaumia zaidi. Hesabu sindano kabla na baada ya kushona. Penye mtoto anayetambaa, sindano moja iliyopotea sakafuni yatosha kuharibu mwaka mzima. Na wale wanaofikiria kushona ndani ya matatu wasithubutu. Barabara zetu zina matuta mengi mno.

Liko jambo moja ambalo robo saa na mkebe haviwezi kulitatua. Mchovu hutamani kushona ila mwili umemkatalia. Akilala usingizi mzuri siku mbili, hamu hurudi. Lakini mama akiona kwamba hata akipata nafasi hana hamu ya mfarishi, wala ya kuimba kwaya, wala ya kuongea na dada zake, na hali hiyo ikaendelea kila siku kwa majuma mawili au zaidi pamoja na huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula au kujiona hana maana, hiyo huenda ikawa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaotibika kwa mazungumzo, kwa dawa, au vyote viwili. Aliyejifungua karibuni awe mwangalifu zaidi, kwani huwapata wengi wakati huo na watu wa nyumbani hudhani ni uchovu wa mtoto. Anayepata mawazo ya kujidhuru asingoje majuma mawili, aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mtu. Akifika, asione haya kuutaja mfarishi. Kuacha kitu ulichokuwa ukikipenda ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo daktari atauliza.