Kuwamba Ngozi: Ukaushaji Unaoipa Obokano Sauti

Kuwamba ngozi ni kuivuta ingali mbichi au baada ya kuloweshwa, kisha kuishikiza kingoni kwa vigingi au kamba ili ikaukie katika hali hiyo ya kuvutwa. Kazi hii huchanganywa mara nyingi na utengenezaji wa ngozi ya viatu na mikoba, ilhali matokeo ya kazi hizo mbili hupingana. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, tofauti hiyo huonekana wazi katika obokano, ala kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane, ambayo bakuli lake la mti hufunikwa kwa ngozi ya ng'ombe iliyowambwa.

Sehemu ya ngozi inayofaa kwa kazi hiyo ni tabaka la kati, linalobaki baada ya manyoya kuondolewa upande wa nje na mafuta pamoja na mabaki ya nyama kukwanguliwa upande wa ndani. Tabaka hilo limejaa nyuzinyuzi za kolajeni, yaani protini ya mwili inayoshikanisha viungo, ambazo zikiwa na maji huteleza zenyewe kwa zenyewe na kuiruhusu ngozi inyumbuke. Maji yanapotoka, nyuzinyuzi hizo hukaribiana, hushikana na kutaka kusinyaa. Na kwa kuwa kingo zimezuiwa zisirudi, nguvu ya kusinyaa hugeuka kuwa mkazo unaoenea katika ngozi nzima. Kwa hiyo fundi huanza tu kuivuta ngozi, na ukaukaji ndio unaoikaza kwa kiasi ambacho mikono peke yake haiwezi kukifikia.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa kuvuta una uzito kuliko nguvu ya kuvuta. Ngozi ya mgongoni ni nene na imeshonana, ilhali ya tumboni ni nyembamba na hulegea upesi, na upande mmoja ukikazwa wote kabla ya mwingine, mkunjo hubaki na kukauka papo hapo. Hivyo fundi hushikiza sehemu zinazoelekeana kwa zamu, akirudi kusawazisha pale panapolegea. Jua kali nalo haliharakishi kazi bila madhara, kwani nyuso hukauka na kuwa gamba huku unyevu ukinaswa katikati, ambako bakteria huendelea kuiozesha ngozi. Kivuli chenye upepo ndicho kinachofaa, ingawa katika nyanda hizi za juu, zinazopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, ukaukaji hauwezi kuwa wa haraka.

Utengenezaji wa ngozi ya viatu, kwa upande wake, hubadilisha kolajeni yenyewe. Tanini, kemikali chungu inayopatikana kwa wingi katika magome ya miwati, miti yenye asili ya Australia iliyopandwa sana katika nyanda za juu za Kenya, hupenya na kujifunga kwenye nyuzinyuzi hizo, hivyo ngozi haiozi upesi na hubaki laini hata ikilowa na kukauka tena. Kipimo kimoja cha badiliko hilo ni joto: ngozi mbichi yenye maji hujikunyata kwenye nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, na iliyotiwa tanini hustahimili kiasi cha nyuzi 75 hadi 85, huku ile ya kromu, chumvi ya madini inayotumiwa viwandani, ikifikia nyuzi 100 au zaidi.

Uthabiti huo, ulio faida kwa kiatu, ni hasara kwa obokano. Mtikisiko wa nyuzi hupita kwenye daraja lililokaa juu ya ngozi, na ngozi ndiyo inayousukuma hewani; ikiwa laini na tulivu huumeza mtikisiko, na ikiwa kavu na iliyokazana huutoa. Gharama ya uwezo huo ni kwamba ngozi iliyowambwa haisahau maji: hewa ya mvua huilegeza, daraja huzama kidogo na nyuzi hushuka sauti, hadi ala ikaushwe juani au karibu na moto na kulinganishwa upya. Anayetaka kukarabati obokano hana budi, basi, kutafuta ngozi mbichi machinjioni badala ya ngozi iliyokwisha kutengenezwa dukani, hata kama hiyo ya pili inaonekana safi na imara zaidi.