Jina Moja, Nasaba Mbalimbali: Biashara ya Dagaa na Haja ya Kupambanua

Miongoni mwa bidhaa zote zitokazo majini katika Afrika ya Mashariki, ni chache ziingiazo nyumba za matajiri na za mafukara kwa pamoja kama dagaa, na ni chache zaidi ambazo jina lao hukusanya chini yake viumbe wasio wa nasaba moja. Katika masoko makubwa ya Dar es Salaam mafungu ya dagaa hupangwa ubavu kwa ubavu juu ya meza, moja limetoka Ziwa Victoria, la pili Ziwa Tanganyika, na la tatu bahari ya Unguja au Kilwa, na mnunuzi mgeni hudhani kwamba tofauti iliyopo baina yake ni ya ukubwa na bei tu. Hakika ya mambo ni kwamba dagaa wa Victoria, ambaye wataalamu wa samaki humwita Rastrineobola argentea, ni wa ukoo wa ningu na kuyu. Dagaa wa Tanganyika, Stolothrissa tanganicae na mwenziwe Limnothrissa miodon, ni wa ukoo wa simu wa baharini. Na dagaa mchele wa pwani ni wa ukoo wa tatu, jirani wa huo wa simu. Kwa hiyo samaki wa Kigoma, mji wa Ziwa Tanganyika ulio mbali na bahari kwa safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200, yu karibu zaidi kwa nasaba na dagaa wa Unguja kuliko alivyo karibu na dagaa wa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria.

Kwa uzito wa mavuno, mkubwa wao ni dagaa wa Victoria, ambaye Waganda humwita mukene na Wajaluo omena, naye tangu miaka ya 2000 amewapita hata sangara. Huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi huishinda taa; taa zenyewe, ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa na sasa aghalabu ni za betri na za nguvu ya jua, huelea juu ya maji mpaka dagaa wakusanyike, ndipo wavu huzungushwa. Kunapokucha, mali hupita katika mikono ya akina mama wanunuao kwa ndoo na kuanika wenyewe, na hapo ndipo bei hujengwa au hubomoka. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga hubaki na mchanga hata baada ya kuoshwa mara tatu, na wale walioanikwa juu ya chanja hukauka pande zote mbili na kung'aa. Mvua ikinyesha alasiri kabla hawajakauka, matumbo hupasuka, rangi hugeuka, na gunia lililokusudiwa chakula cha watu huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Waliosalimika hufika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambako hupakiwa katika malori kwenda mikoani na katika nchi za jirani, Kongo ikiwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Dagaa wa Tanganyika wana historia nyingine. Wazee wa ziwa hilo waliwavua kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu, huku moto wa kuni ukiwaka katika mtumbwi. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kiyunani walileta nyavu kubwa za kuzungusha, na baadaye ikaenea mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa boriti, wavu ukishushwa katikati na kuinuliwa. Samaki wenyewe ni wa umri mfupi, na riziki yao hutegemea upepo uvurugao maji na kupandisha rutuba kutoka vilindini. Tafiti zimeonyesha kwamba ziwa linapopata joto zaidi mchanganyiko huo hupungua, na rutuba ifikayo juu hupungua pamoja nao. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa nyavu zimeongezeka, nchi nne zenye ziwa hilo zilikubaliana kulipumzisha, na Tanzania ikasimamisha uvuvi wake tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Bei ya dagaa wa Kigoma, ambayo hata katika siku za neema huipita kwa mbali ile ya dagaa wa Mwanza, ndiyo malipo ya utamu wao na ya uchache wao.

Pwani nako kuna kazi yake. Dagaa mchele wa Unguja hawaanikwi wakiwa wabichi, bali huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi, kisha hutandazwa juani, na wafanyabiashara wa Kongo huwafuata huko huko walikokaushwa. Mtazame dagaa huyu kabla hajatiwa motoni: mwili wake hupenywa na nuru, mstari wa fedha umepita ubavuni, na pua yake imetokeza mbele ya kinywa, ilhali yule wa Tanganyika ana ukingo wa magamba yenye ncha chini ya tumbo, na yule wa Victoria ana umanjano mkiani. Lakini moto, jua na chumvi vikisha kufanya kazi yake, alama hizo hufifia, na mnunuzi hubaki na neno la muuzaji peke yake. Ndipo mwenye tamaa hupata mlango wa kutia ghashi, akachanganya mali ya bei nafuu na mali ya bei ghali na kuiuza yote kwa jina la Kigoma.

Hasara ya jina lisilopambanuliwa haimpati mlaji peke yake. Pale ambapo daftari la ushuru na kibali cha kusafirisha huandika dagaa bila ya sifa, maji matatu yenye hali tatu huonekana kuwa ghala moja, na wingi wa Victoria huweza kuuficha upungufu wa Tanganyika. Mfano wake uko baharini, Kizimkazi, kusini ya Unguja, ambako mashua huwapeleka watalii kutazama pomboo, na jina hilo hutumika kwa jinsi mbili za wanyama wa jamii ya nyangumi wenye meno. Mmoja ni Tursiops aduncus, na wa pili ni Sousa plumbea, mwenye nundu mgongoni, apendaye maji mafupi ya kandokando ya ufuo, ambamo nyavu za watu ni nyingi. Huyu wa pili ameandikwa na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Nauli ya mtalii ni ile ile kwa wote wawili, lakini mwenye kuwahesabu pamoja huenda akaridhika na jumla, ilhali mmoja wao anakwisha.

Dawa ya jambo hili haihitaji mtaji mkubwa, kwani wachuuzi wenyewe wamekwisha kuianza kila wasemapo dagaa wa Kigoma, wa Mwanza, wa Nyasa au wa Unguja. Kilichobaki ni kuitia nguvu ya sheria: kila gunia liandikwe maji lilikotoka, jinsi ya samaki na namna ya ukaushaji, tangu mwaloni hadi forodhani, takwimu za kila jinsi ziwekwe mbali, na mizani ishike mahali pa ndoo na debe. Hapo mama aliyegharimia chanja atalipwa zaidi ya yule aliyeanika mchangani, mvuvi wa Tanganyika aliyekaa bila kazi miezi mitatu atapata fidia ya subira yake katika bei ya mali halisi, na serikali itajua ni maji yapi yapumzishwe na ni yapi yaendelee kuvuliwa. Biashara hukua kwa uaminifu, na uaminifu wa soko huanzia katika kumwambia mnunuzi bayana ni kitu gani anachokinunua.