Ukisusia mkutano wa wazazi, usilaumu sufuria ya shule

Hebu jiulize, msomaji: Ijumaa saa saba mchana mwanao alikula nini shuleni? Chakula hicho kilipikwa na nani, na kilitoka ghala gani?

Usione haya ukikosa jibu. Wazazi wengi wa jijini hutoka nyumbani alfajiri kukimbilia matatu na kurudi giza limeingia. Mtoto akiulizwa husema, "Nilishiba," na mambo yakaishia hapo.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mzazi wa aina hiyo, hadi siku maharagwe yalipokwisha katika shule moja ya umma huko Eastlands, Nairobi. Zilikuwa zimesalia wiki mbili muhula ufungwe. Githeri ikawa mahindi na maji ya chumvi. Watoto wakarudi nyumbani wakilalamika tumbo, nasi wazazi tukafurika langoni tukifoka.

Mwalimu mkuu alitusikiliza, kisha akatuuliza swali moja tu: "Kamati mliyoichagua inasemaje?"

Tulitazamana. Kamati hiyo ilikuwa imechaguliwa Jumatano asubuhi mbele ya wazazi kumi na mmoja. Wengine walikuwa kazini, wengine sokoni. Na baadhi yetu, nami nikiwemo, hatukuwa na udhuru wowote ila uvivu.

Sheria yasemaje?

Huenda hujui, msomaji, lakini tayari wewe ni mwanachama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kuwa chama cha wazazi ni cha kila mzazi aliye na mtoto shuleni. Chama hicho huwa na kamati yenye wawakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili, na kamati hiyo huchaguliwa katika mkutano mkuu wa kila mwaka. Mwenyekiti na wanachama wengine wawili huingia katika bodi inayosimamia shule.

Miongoni mwa kazi ambazo sheria inakipa chama hicho ni kuangalia malezi, lishe na afya ya wanafunzi, na pia kujadili malipo ambayo wazazi watatozwa. Yaani sufuria ya shule na mfuko wako vyote vimo mikononi mwa watu wale wale. Kwa nini basi wachaguliwe na wazazi kumi na mmoja?

Sahani iwe na nini?

Si lazima uwe mtaalamu wa lishe ndipo uikague sahani ya mwanao. Tafuta vitu vitatu: chakula cha kutia nguvu, kama vile mahindi, wali au viazi, cha kujenga mwili, kama vile maharagwe, ndengu, omena au mayai, na cha kulinda mwili, yaani mboga na matunda.

Ndiyo maana githeri ya wazee wetu si chakula cha kudharauliwa. Mahindi pekee hayana protini kamili, na maharagwe ndiyo yanayoziba pengo hilo. Ukiongezea sukuma wiki, terere, managu au kunde, mtoto hupata madini ya chuma yanayojenga damu. Kipande cha chungwa au nyanya mbichi huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia, kwa hivyo ni heri mtoto anywe maji.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa kila aliyetimiza miaka 10 na zaidi. Mandazi mawili na pakiti ya krisps haviwezi kumfikisha huko.

Aidha, usisahau ghala. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui. Mwakilishi wa wazazi anayeingia ghalani na kutia mkono guniani anafanya kazi ya kuokoa maisha.

Jikoni kuna ajira

Fauka ya hayo, chakula cha shule ni kazi kwa watu wa mtaani. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Food4Education, ilianzisha mpango wa Dishi na County. Chakula hupikwa katika majiko makubwa kisha husambazwa shuleni, na mzazi alitakiwa kuchangia shilingi 5 tu kwa sahani. Majiko kama hayo huhitaji wapishi, wasafishaji, wapakiaji, madereva na watunza ghala. Shule zinazojipikia nazo huajiri.

Ikiwa wewe ni kijana unayetafuta kibarua, usingoje tangazo lije mlangoni. Jiandae mapema. Yeyote anayeshika chakula cha umma hutakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Ukiwa nacho mkononi, umemtangulia jirani yako. Nawe mzazi, mpishi wa shule akikosa cheti hicho, una haki ya kuuliza.

Nanyi wanafunzi wa sekondari msidhani kura ni ya wazazi pekee. Mnapochagua viongozi wenu, msimchague wa bwaloni kwa sababu ya utani wake. Muulizeni atafanya nini mboga ikija na mchanga.

Tulivyofanya

Mwaka uliofuata tulimwomba mwalimu mkuu mkutano uwe Jumamosi. Ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama madirishani. Tukamchagua mama mmoja muuza mboga, asiyejua kutoa hotuba. Akasimama, akauliza: "Gunia moja la maharagwe hulisha watoto wangapi?"

Kimya. Hakuna aliyejua, hata mweka hazina.

Tukapiga hesabu hapo hapo. Gunia la kilo 90, kila mtoto akipata gramu 40, hutoa sahani 2,250. Shule yetu ina watoto 750, basi gunia moja ni la siku tatu. Tangu siku hiyo mama huyo huweka daftari mlangoni pa ghala: kilichoingia, kilichotoka, na saini ya aliyekitoa. Muhula huo maharagwe yalifika hadi siku ya kufunga shule, na yakabaki kidogo.

Hatukuchanga hata shilingi moja zaidi.

Basi, msomaji, barua ya mkutano ikija mfukoni mwa sare ya mwanao, usiifanye ya kuwashia jiko. Nenda, piga kura, na uulize la gunia. Wahenga hawakukosea waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari.