Mtoto anapoandika kuwa mama "works hardly", usimcheke

CHUKULIA mtoto wa Kidato cha Kwanza ameambiwa asimame mbele ya darasa aieleze familia yake kwa Kiingereza. Anamfikiria mama yake, anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, akirudi kutoka kuuza anashika jembe. Anataka kusema kuwa mama anafanya kazi kwa bidii. Anajua "hard", na amefundishwa kuwa kielezi cha Kiingereza huishia na "-ly". Anaviunganisha, anasema kwa sauti: "My mother works hardly."

Darasa linacheka. Bila kujua, amewaambia wenzake kuwa mama yake hafanyi kazi, au akifanya ni kwa nadra sana. Alisimama kumsifu, akaketi akiwa amemtia aibu. Kuanzia siku hiyo hanyooshi tena mkono.

Hali za namna hii hazishangazi, hasa Januari, watoto wanapoanza sekondari. Nchini Tanzania, shule nyingi za msingi za serikali hufundisha masomo kwa Kiswahili, lakini sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari Darasa la Saba anajikuta kimya. Naye mzazi asiyekijua Kiingereza hujiona hana msaada, akabaki kusema, "Soma, mwanangu, soma."

Lakini katika jambo hili la vivumishi na vielezi, mzazi anaweza kusaidia kuliko anavyodhani, kwa sababu silaha ya kwanza ni Kiswahili chenyewe.

Swali moja la kuanzia

Kivumishi kinaeleza mtu au kitu: mtoto mzuri, gari zuri, wali mtamu. Kielezi kinaeleza jinsi jambo linavyotendeka: anaimba vizuri, anatembea polepole. Mtoto aliyekulia katika Kiswahili anajua tofauti hiyo tangu hajaanza shule. Hawezi kusema "dada anaimba mzuri". Sikio lake litakataa.

Hata hivyo, mtoto huyo huyo huandika "My sister sings good." Hajakosa akili. Amelikumbuka neno la kwanza alilofundishwa kwa maana ya uzuri, akasahau kujiuliza neno hilo linaeleza nini. Hapo ndipo mzazi anapoingia, hata kama shule yake iliishia Darasa la Saba:

"Hilo 'good' linamsifu dada yako, au linasifu kuimba kwake?"

"Kuimba kwake, mama."

"Kwa Kiswahili ungesema anaimba mzuri?"

"Hapana. Anaimba vizuri."

"Haya, tafuta hiyo 'vizuri' kwenye kamusi."

Mtoto atakuta "well", na ataandika "My sister sings well." Mzazi hakuhitaji kujua jibu. Alihitaji kujua swali.

Mkia wa "-ly"

Kiswahili huweka alama zake kichwani mwa neno: vizuri, vibaya, kitoto, kirafiki. Kiingereza mara nyingi huziweka mkiani. "Slow" inakuwa "slowly", "careful" inakuwa "carefully", "easy" inakuwa "easily". Kwa hiyo "a careful driver" ni dereva mwangalifu, na "he drives carefully" ni anaendesha kwa uangalifu.

Tatizo ni kwamba mkia huo hauko kwenye vielezi peke yake. "Friendly" ni kivumishi, ingawa ina "-ly". Asili ya mkia huo ni neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mwili au umbo, lenye undugu na neno "like", yaani "kama". Basi "friendly" ni "kama rafiki", karibu sana na "kirafiki" yetu. Ndivyo ilivyo pia kwa "motherly" na "brotherly".

Njia rahisi ni kumwambia mtoto akate mkia aone kilichobaki. Kikibaki kivumishi, kama "slow" au "careful", neno zima kwa kawaida ni kielezi. Ikibaki nomino, kama "friend" au "mother", neno zima mara nyingi ni kivumishi. Ndiyo maana "He spoke friendly" si sentensi nzuri, husemwa "He spoke in a friendly way."

Maneno yasiyotaka mkia

Yapo maneno ambayo ni kivumishi na pia ni kielezi bila kubadilika. "Fast" ni mojawapo: "a fast car" ni gari lenye kasi, na "he runs fast" ni anakimbia kwa kasi. Neno "fastly" halitumiki.

Mengine yakiongezewa mkia hubadilika maana kabisa, na hapa ndipo mtoto wa muuza vitumbua alipoangukia. "She works hard" ni anafanya kazi kwa bidii; "she hardly works" ni ni kama hafanyi kazi. "He came late" ni alichelewa kuja. "Lately" ni siku za karibuni. "Near" ni karibu kwa mahali. "Nearly" ni nusura au takriban. Maneno haya yaandikwe mawili mawili kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kila moja na sentensi yake, yakaririwe kama meza ya kuzidisha.

Umuhimu wake hauishii darasani. Mtu mzima anayeomba kazi akaandika kuwa kwa miaka mitatu "I have hardly worked" anajishtaki mwenyewe kwa mwajiri, wakati alikusudia kujisifu.

Pale Kiswahili kinapoponza

Swali la mzazi halitoshi kila mahali, na ni vizuri mtoto aambiwe mapema. Kiswahili husema "wali unanukia vizuri". Mtoto akifuata njia ile ile ataandika "The rice smells well", sentensi inayosikika kama wali una pua hodari ya kunusa. Kiingereza husema "The rice smells good", kwa sababu sifa hapo ni ya wali wenyewe. Ndivyo ilivyo kwa "look", "taste", "sound", "feel" na "seem", pale yanapoeleza hali ya mtu au kitu.

Kipimo chake ni chepesi: mtoto aweke "is" mahali pa kitenzi. "The rice is good" inakubalika na maana haijaenda mbali, kwa hiyo kivumishi ndicho kinachotakiwa. Lakini "my sister sings" haiwezi kugeuzwa kuwa "my sister is" maana ikabaki ile ile, kwa kuwa kuimba kumepotea. Hapo kielezi kinabaki.

Mtego mwingine ni mpangilio wa maneno. Sisi husema "kitabu kikubwa chekundu", jina likitangulia. Kiingereza hutanguliza sifa: "a big red book", na kwa kawaida ukubwa huja kabla ya rangi. Habari njema ni kwamba kivumishi cha Kiingereza hakifuati ngeli wala wingi. Ni "good child" na "good children". Aliyezoea mzuri, wazuri, kizuri na vizuri atapumua.

Kielezi nacho kina mahali pake. Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema "anaongea vizuri Kiingereza" au "anaongea Kiingereza vizuri". Kwa Kiingereza, "She speaks well English" ni kosa, ni "She speaks English well." Maneno kama "always" na "often" hutangulia kitenzi kikuu, kama "My mother always wakes up early", lakini hufuata "is": "She is always early."

Mtego wa mwisho ni "sana". Wengi huifanya "too", wakaandika "My teacher is too good", wakidhani wamesifu. "Too" iko karibu zaidi na "mno" ile ya kupita kiasi: "The tea is too hot", ya moto mno, hainyweki. Anayetaka kusifu atumie "very".

Dakika kumi mezani

Haya yote hayahitaji mwalimu wa masomo ya ziada wa kulipwa. Baada ya chakula cha jioni, mtoto aandike sentensi tano kuhusu mambo ya nyumbani: baba anavyoendesha bodaboda, bibi anavyosimulia, mboga ilivyokuwa. Mzazi aulize kila sentensi: neno hili linaeleza nani au nini? Kisha mtoto atafute kwenye kamusi. Kamusi nyingi za Kiingereza huweka "adj." kwa kivumishi na "adv." kwa kielezi, na herufi hizo tatu huokoa mabishano mengi.

Mzazi asishtuke pia mtoto akileta ushahidi kwamba wenye lugha nao huvunja kanuni. Mwaka 1997 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoka na tangazo lililosema "Think different", na wapo waliohoji kwa nini halikuwa "differently". Wazungumzaji wengi wa Kiingereza husema "drive slow". Mtoto aambiwe kuwa barabarani na kwenye matangazo hayo yanapita, lakini kwenye karatasi ya mtihani aandike "slowly".

Zaidi ya yote, asichekwe. Mtoto aliyesema "works hardly" alikuwa amejifunza kanuni na kuithubutu mbele za watu; alichokosa ni kuambiwa kuwa neno hilo halifuati kanuni. Anayechekwa hunyamaza, na lugha haijifunzwi kwa kunyamaza.

Akirudi nyumbani ameinamisha kichwa, mama amuulize alitaka kusema nini. Atajibu, "Nilitaka kusema unafanya kazi kwa bidii." Wafungue kamusi pamoja, walione neno "hard", waone kuwa pembeni yake pameandikwa "adj." na pia "adv." Kesho yake asimame tena na kusema: "My mother works hard."