Istilahi za Hifadhi: Kumbukumbu Hai, Kumbukumbu Tuli na Nyaraka

Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka 2016 Serikali ilianza kuzihamishia wizara zake huko kwa kasi mpya. Ofisi yoyote inapohama, mtumishi wa masijala hulazimika kuamua ni majalada gani yasafiri naye, yapi yapelekwe ghalani na yapi yateketezwe. Uamuzi huo hauwezi kuwa sahihi ikiwa maneno yanayoutaja yamechanganywa. Makala haya yanakusudia kuzieleza istilahi chache za kazi hiyo, ambazo sasa zinahitajika katika kompyuta kama zinavyohitajika katika makabati.

Tuanze na neno kumbukumbu. Katika matumizi ya kila siku lina maana ya mambo yaliyomo akilini, na pia maana ya muhtasari wa mkutano. Katika istilahi za utawala, ni taarifa yoyote iliyoandikwa au kurekodiwa wakati wa kutenda kazi. Nyaraka nalo ni wingi wa waraka, na watu wengi hulitumia kwa karatasi zozote za ofisi. Lakini katika jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa maneno hayo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu hayana maana moja. Nyaraka ni kumbukumbu zilizochaguliwa zihifadhiwe daima. Kwa hiyo kila waraka wa aina hiyo uliwahi kuwa kumbukumbu, lakini si kila kumbukumbu itafikia kuwa waraka wa kudumu.

Ngazi za hifadhi ni tatu:

(a) Kumbukumbu hai ni zile zinazotumika katika kazi za kila siku. Hukaa masijala, au katika diski ya kompyuta isomwayo upesi.

(b) Kumbukumbu tuli ni zile ambazo shughuli zake zimekwisha, ila huenda zikahitajiwa mara chache. Hukaa katika ghala la gharama nafuu. Za wizara hupelekwa Kituo cha Kumbukumbu cha Taifa kilichopo Dodoma. Za kompyuta zaweza kuwekwa katika utepe wa sumaku.

(c) Nyaraka ni zile za kudumu. Chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30.

Hapa kuna kosa la kujihadhari nalo. Maneno hai na tuli yanataja wingi wa matumizi, hayataji thamani. Mkulima wa Ugogo, ambako mvua ina msimu mmoja tu kwa mwaka, hugusa mtama wa chakula kila siku, na mtama wa mbegu hausogezi mpaka wakati wa kupanda. Hakuna atakayesema kwamba mbegu haina thamani kwa kuwa haiguswi. Vivyo hivyo mfasiri akiandika “kumbukumbu zisizo na kazi” mahali pa “kumbukumbu tuli”, amekwisha kumpa msomaji ruhusa ya kuzichoma.

Istilahi ya pili ni muda wa hifadhi. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Stakabadhi zake za mauzo zinatakiwa na sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5. Mkataba wa ardhi hutunzwa kwa muda wote ambao haki iliyomo ingalipo. Daftari la wanachama linafaa kuwa la kudumu. Anayetunga kanuni asiandike “baada ya miaka 5” bila kusema ni tangu lini: tangu stakabadhi ilipotolewa, tangu mwaka wa hesabu ulipomalizika, au tangu jalada lilipofungwa? Mtumishi anaweza kutumia busara yake akauliza. Kompyuta iliyoamriwa kufuta haiulizi.

Mwisho ni vitenzi. Kufunga jalada ni kuacha kuongeza karatasi ndani yake, si kulifuta. Kuhamisha ni kuitoa kumbukumbu ngazi moja na kuiweka nyingine, ambapo kunakili huiacha ilipokuwa. Nakala rudufu ni kinga dhidi ya hasara; si waraka wa kudumu, kwa maana hubadilishwa kila ile ya asili inapobadilika. Kuteketeza ni tendo la idhini, lenye orodha na sahihi, wala si kutupa. Tena kutunza kila kitu daima si uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zisikae kuliko muda unaohitajika.

Ni wajibu wa walimu kuzifundisha tofauti hizi, wa wafasiri kuzishika, na wa watumishi kuziandika katika miongozo yao. Mwananchi anayekuja kudai pensheni au kiwanja hana haja ya kujua istilahi zetu. Haja yake ni kwamba jalada lake lipatikane, na litapatikana ikiwa aliyelihifadhi na aliyeandika mwongozo walikuwa na maana moja.